Uzi: Ncha ya Kaskazini kwa pikipiki za theluji, walivyokwama 1967 na walivyorudi 1968

Mzee wa Ramani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi humu watu walikesha wakibishana nani alikuwa wa kwanza kufika Ncha ya Kaskazini. Majina yalikuwa yaleyale mawili, Peary na Cook, Wamarekani waliodai kufika mwanzoni mwa karne ya ishirini. Hakuna aliyemtaja muuza bima mmoja wa Minnesota, Marekani, aliyefika na pikipiki ya theluji. Lakini ukiuliza ni nani alifika kwa kupita juu ya barafu na ushahidi wake hauna utata, orodha inapaswa kuanza na huyo. Anaitwa Ralph Plaisted. Nitaanzia mwaka aliofeli, maana kule ndiko kuna mambo.

Chanzo chenyewe ni maneno ya baa. Mwaka 1966 Plaisted alikuwa Duluth anakunywa na rafiki yake, daktari Art Aufderheide. Jamaa alikuwa amepagawa na hizi mashine. Mwaka mmoja kabla aliendesha moja kutoka Ely hadi White Bear Lake ndani ya siku moja, kama kilomita 400, kwenye baridi kali. Sasa yuko baa anazisifia hadi kero. Daktari akamwambia kama ni nzuri kiasi hicho, azipeleke Ncha ya Kaskazini basi. Mwingine angecheka, akaagiza nyingine. Yeye akaanza kutafuta wafadhili.

Kwa asiyeijua mashine: mbele ina skii mbili (mbao ndefu nyembamba za kutelezea) za kukatia kona, nyuma ina mkanda mpana wa mpira unaokwangua theluji na kuisukuma mbele. Unakaa kama kwenye bodaboda, nyuma unafunga sleji ya mizigo, yaani mkokoteni usio na magurudumu unaoteleza juu ya theluji. Aliyeieneza ni Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Quebec. Mwaka 1934 mtoto wake mdogo alikufa kwa sababu theluji iliziba njia ya hospitali, na mzee alikuwa tayari ni fundi wa kuhangaika na magari ya theluji. Ski-Doo yenyewe iliingia sokoni 1959. Zile za Plaisted za 1968 zilikuwa na nguvu farasi 16. Bodaboda ya cc 150 ya leo ina kama 12. Ndiyo hiyo waliyotaka kuvukia bahari.

Narudi na sehemu ya pili.

Fundi Kabureta

Naweka kiti hapa. Mkuu usituache njiani kama wale wa nyuzi za majini.

Mzee wa Ramani

Twende.

Kwanza tuelewane kuhusu uwanja wenyewe. Ncha ya Kusini iko juu ya bara, kuna ardhi chini. Ncha ya Kaskazini haina ardhi, ni bahari yenye kina cha zaidi ya kilomita nne, na juu yake kuna tabaka la barafu la mita chache tu. Hilo tabaka haliko kimya. Upepo na mikondo vinalivuta, linapasuka, vipande vinagongana. Vikigongana, kingo zinapanda juu na kuwa matuta ya mabonge, mengine marefu kuliko nyumba ya kawaida. Vikiachana, unabaki mfereji wa maji meusi mbele yako, unaweza kuwa wa hatua mbili au wa mamia ya mita.

Na kubwa zaidi, unachokanyaga kinasafiri. Mwaka 1827 Mwingereza Edward Parry alitoka Svalbard, visiwa vya kaskazini mwa Norway, na watu wake wakivuta mashua zenye miguu ya sleji kuelekea kaskazini. Wakipima mahali walipo wanakuta barafu imewarudisha kusini karibu sawa na walivyotembea. Aligeuza kwenye latitudo ya nyuzi 82 na dakika 45, na Ncha yenyewe ni nyuzi 90. Warusi nao 1937 waliweka kituo cha utafiti juu ya barafu, kikiongozwa na Papanin, karibu kabisa na Ncha, na Februari 1938 watu wale wakaokolewa pwani ya Greenland. Hawakutembea, walibebwa na barafu.

Sasa 1967. Msafara uliondoka Eureka, kituo cha hali ya hewa kwenye kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada. Charles Kuralt wa televisheni ya CBS alikuwa nao, kwa hiyo wakifaulu Marekani nzima itaona, na wakifeli vilevile.

Eureka iko nyuzi 80. Kila nyuzi ya latitudo ni kama kilomita 111. Msimu nao ni mfupi kikatili: jua linarudi kule mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na ikifika Mei barafu inaanza kuachia. Una takriban miezi miwili. Wao sehemu kubwa ya hiyo miezi iliishia kwenye kuutafuta ukingo wa kaskazini wa ardhi, halafu dhoruba ikawafungia hemani siku kadhaa. Watu wanadhani dhoruba ni shida ya upepo na baridi, ukijifungia hemani imeisha. Huko dhoruba inavunja barabara. Ukitoka hemani, barafu uliyoiacha nzima imekatika mapande na maji yako kila upande.

Walisimamia nyuzi 83 na ushei, ndege ikaja kuwachukua. Kilomita karibu 700 zilikuwa bado mbele.

Halafu angalieni hapa. Mwaka 1968 hakurudi Eureka. Alianzia kisiwa cha Ward Hunt, ambacho kiko nyuzi 83. Yaani pale alipoishia mwaka wa kwanza, kwa latitudo, ndipo alipoanzia wa pili. Jasho lote la 1967 alilinunua upya kwa tiketi ya ndege. Wapo wanaoona huo ni ujanja ujanja. Mimi naona ndiyo akili pekee iliyokuwepo.

Fundi Kabureta

Mkuu nina swali la kazi. Hizo injini ni za kuchanganya oili na petroli kwenye tangi, sawa? Sasa kwenye nyuzi hasi 40 oili inakuwa nzito kama grisi, inachanganyikaje na petroli? Ukimimina tu inakaa chini, injini inavuta petroli tupu, pistoni inabana.

Cha pili, hewa ya baridi ni nzito. Ukiacha jeti ileile ya kabureta (kitundu cha kupitishia petroli) uliyofunga kwenye joto, mchanganyiko unakuwa mwembamba, hewa nyingi petroli kidogo, injini inachemka ndani wakati nje kumeganda. Mtu anaweza kuua pistoni kwa joto akiwa Aktiki. Kuna mteja wangu nikimwambia hivi atasema fundi kavuta.

Mzee wa Ramani

Fundi umegonga penyewe. Ongeza na unyevu: maji kidogo yaliyojificha kwenye petroli yanaganda ndani ya mpira wa mafuta, injini inazima bila kuaga. Petroli yenyewe haigandi kwa baridi ile ila haitoi mvuke wa kutosha, kwa hiyo kuwasha asubuhi ni vita. Mpira unakuwa mgumu, chuma kinakatika kirahisi. Na petroli ya nyuzi hasi 40 ikikumwagikia mkononi, ngozi inakufa pale pale, maana yenyewe bado ni ya majimaji, haijaganda, na inabeba baridi yote hiyo. Kujaza tangi ni kazi ya hatari kuliko kuendesha.

Ndiyo maana kwenye wale wanne waliofika mmoja alikuwa fundi wa msafara, Walt Pederson, na mwingine Jean-Luc Bombardier, wa ukoo uleule wa kiwanda. Wa tatu ni Gerry Pitzl, mwalimu wa jiografia, aliyeshika sekstanti, chombo cha kupimia mahali ulipo kwa kutumia jua. Wa nne Plaisted.

Kaskazini Kabisa

Wakuu habari. Mimi naishi kaskazini mwa Norway, pikipiki ya theluji naipanda kwa kazi kila msimu wa baridi. Naomba niongezee upande ambao mzee hajaugusa, barafu ya nchi kavu.

Barafu ya bahari na mto wa barafu ni vitu viwili tofauti, na vinaua kwa njia tofauti. Barafu ya bahari ina chumvi, maji yake yanaganda kwenye hasi 1.8 hivi, na ikiwa changa ni laini, inanepa chini ya mashine. Unaiona inafanya wimbi mbele yako. Rangi yake ni nyeusi au kijivu, na kanuni ya kwanza wanayokufundisha wenyeji ni kuogopa rangi hiyo. Theluji ikiifunika unapoteza hata huo msaada, na mbaya zaidi theluji inaifunika kama blanketi, isikomae.

Mto wa barafu ni theluji ya miaka mingi iliyoshindiliwa, inateremka polepole kwenye mwamba. Panapopinda au kushuka ghafla, juu panapasuka. Nyufa hizo zinaweza kwenda chini makumi ya mita. Upepo unakuja unazifunika kwa daraja la theluji, na juu panaonekana tambarare kama uwanja wa ndege. Mtu wa skii anaweza kupita salama, mashine na sleji yake isipite.

Siku ya mawingu ndiyo mbaya kuliko zote. Mwanga unatoka kila upande, hakuna kivuli, shimo na kilima vinafanana. Unaendesha huku hujui kama unapanda au unashuka. Siku hiyo mtu mwenye akili anasimama anachemsha kahawa.

Na msidhani utaalamu unakukinga. Oktoba 2016 Gordon Hamilton, profesa wa barafu wa Chuo Kikuu cha Maine, alitumbukia na pikipiki yake kwenye ufa kule Antaktika, karibu na McMurdo, kituo cha utafiti cha Marekani. Alianguka kama mita 30, akafa. Kazi yake mahali pale ilikuwa ni hiyohiyo ya nyufa, walikuwa wanazitafuta na kuzijaza ili msafara wa mizigo upite. Agosti 2020 Konrad Steffen, mwanasayansi aliyerudi Greenland kwa miaka 30, alitumbukia karibu na kambi aliyoijenga mwenyewe, akiwa kwa miguu.

Huku tukienda kwenye mito ya barafu tunapita kwa mstari mmoja, mwenye uzoefu mbele, tunaacha nafasi kati ya mashine na mashine, na kamba iko mahali unapoifikia, siyo chini ya mizigo. Hilo la kamba watu wanalidharau hadi siku yao.

Bint wa Forodhani

Asante kaka wa Norway, nimesoma nikiwa na feni na bado nimesikia baridi.

Mzee wa Ramani, umesema ushahidi usio na utata. Mimi nataka tumtaje Matthew Henson. Huyu ni Mmarekani mweusi aliyekuwa na Peary 1909, ndiye aliyeongea lugha ya Wainuit, wenyeji wa Aktiki, ndiye aliyejua mbwa. Na walikuwa na Wainuit wanne: Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah. Vitabu vya shule vikaandika mtu mmoja. Henson alizikwa upya kwa heshima Arlington, makaburi ya kitaifa ya Marekani, mwaka 1988, miaka 33 baada ya kufa.

Mzee wa Ramani

Dada, hapo hatubishani kabisa. Utata wa Peary hautokani na Henson wala wale Wainuit, unatokana na vipimo. Nahodha Bob Bartlett, aliyekuwa kwenye msafara wa Peary, aliambiwa arudi walipofika nyuzi 87 na dakika 47. Baada ya hapo aliyekuwa akipima mahali walipo ni Peary peke yake, na ghafla mwendo wao wa siku ukapanda sana. Wally Herbert, aliyefika na mbwa Aprili 1969 akitokea Alaska, alikuja kuchambua kumbukumbu za Peary, akahitimisha kwamba aliikosa Ncha.

Plaisted naye alianza safari akimwamini Peary. Alipokwisha kuona matuta yale kwa macho yake, imani ikaisha. Peary anasema alitoka Cape Columbia, rasi ya kaskazini mwa Ellesmere, tarehe 1 Machi 1909 na kufika tarehe 6 Aprili, siku 36. Plaisted na mashine zake alitoka Ward Hunt tarehe 7 Machi 1968, akafika tarehe 19 Aprili, siku 43. Kesho yake ndege ya hali ya hewa ya jeshi la anga la Marekani ikapita juu yao na kuthibitisha kwamba wapo penyewe.

Mtu atauliza mashine imechelewaje kuliko mbwa. Jibu ni matuta. Spidi ya mashine inaonekana kwenye tambarare tu. Ukifika kwenye ukuta wa mabonge unashuka, unachukua shoka, unachonga njia, mnasukuma mashine moja moja, mnarudi kuchukua sleji. Na kwenye mfereji wa maji kazi ni kusubiri ugande. Wiki za mwanzo baridi ilishuka chini ya hasi 50, iliwatesa, lakini hiyohiyo ndiyo iliyowafungia mifereji. Baridi ikipungua wewe mwili unafurahi huku njia inaharibika.

Mimi msimamo wangu kwenye safari hii ni mmoja. Mashine haikuondoa udhaifu wa binadamu pale juu, iliuhamisha. Mbwa akichoka anapumzika, akifa wenzake wanalishwa nyama yake, watu wa zamani walifanya hivyo bila aibu. Mashine inataka petroli, petroli inataka ndege, na ndege inataka anga safi na kipande cha barafu kirefu na tambarare. Kimoja kikikosekana umekwama, hata kama injini inanguruma vizuri. Kwa hiyo mtu wa tano kwenye ushindi ule ni rubani Weldy Phipps na ndege yake ndogo aina ya Twin Otter. Huyu alishakuwa maarufu Aktiki kwa kufunga ndege ndogo matairi makubwa laini ili atue mahali pasipo uwanja.

Msomi wa Jioni

Sasa hapo ndipo mnaponiangusha. Kama petroli na chakula vinaletwa na ndege, na kurudi wamerudi kwa ndege, hao wamefika au wamefikishwa? Hata mimi nikiletewa mafuta kila nikikwama nitafika Cairo na bajaji.

Kaskazini Kabisa

Msomi, njoo uisukume hiyo bajaji kwenye tuta moja tu halafu tuendelee na huu mjadala.

Mzee wa Ramani

Hoja ya Msomi ni ya haki na wenyewe wanaibishania. Ila ukiitumia, itumie kwa wote. Herbert naye na mbwa wake alidondoshewa mizigo na ndege. Wa kwanza kufika bila kuletewa kitu njiani, kwa ushahidi, ni kundi la Will Steger, Mei 1986, kwa mbwa. Ndani yake alikuwamo Ann Bancroft, mwanamke wa kwanza kufika kwa njia hiyo. Na hata wao kurudi walirudi kwa ndege.

Mimi naweka hivi: Steger alifika bila msaada, Plaisted alifika bila utata. Chukua unachokipenda.

Bint wa Forodhani

Na wenyeji je? Maana hizi hadithi zote mgeni anakuja, anakwama, anaokolewa, anaandikwa.

Kaskazini Kabisa

Dada, wenyeji hawakuwa na shida na Ncha. Pale katikati wanyama wa kuwinda ni wachache mno, mtu anaenda kufanya nini? Lakini mashine iliwabadilisha wao kuliko ilivyombadilisha Plaisted. Miaka hiyohiyo ya sitini, Kanada na huku kwa Wasami, wenyeji wa kaskazini mwa Ulaya, mbwa na kulungu wa Aktiki (reindeer) wa kuvuta sleji wakaanza kuachwa. Faida ni kubwa, safari ya siku nzima inakuwa ya masaa. Gharama nayo ikaja. Kwa Wasami wa kaskazini mwa Finland, asiye na hela ya mashine, petroli na vipuri alijikuta anasukumwa nje ya ufugaji, kwa sababu wenye mashine walianza kukusanya kulungu hao kwa kasi ambayo yeye hawezi.

Na wazee wanakwambia wazi: mbwa anasimama kwenye barafu nyembamba hata ukimpigia kelele. Kwenye dhoruba anajua njia ya nyumbani. Mashine inakwenda popote unapoielekeza.

Fundi Kabureta

Siku hizi ingekuwa rahisi, si kuna GPS na injini za sindano, hazina kabureta.

Mzee wa Ramani

Fundi, mashine imekuwa bora, barabara imekuwa mbovu. Plaisted alianzia penye rafu ya Ward Hunt, bamba la barafu la kale lililoshikamana na pwani. Miaka ya 2000 mwanzoni likaonekana limepasuka, na 2008 vipande vingine vikakatika. Barafu ya bahari yenyewe imekuwa nyembamba na changa, inavunjika mapema. Eric Larsen na Ryan Waters walitoka Kanada kwa skii wakafika tarehe 6 Mei 2014, na baada yao safari kamili ya kutoka nchi kavu hadi Ncha imekuwa haifanyiki. Kampuni ya ndege iliyokuwa ikiwabeba ilijitoa, maana kutua kule kumwokoa mtu mwezi wa tano kulishakuwa kamari. Ule mlolongo wangu wa petroli, ndege na tambarare, kiungo kilichokatika ni cha mwisho.

Fundi Kabureta

Nimeelewa. Sasa swali la mwisho nikalale: pikipiki ya kawaida, ya matairi mawili, kuna mtu kashajaribu?

Kaskazini Kabisa

Kafika kabisa. Mjapani, Shinji Kazama, mwaka 1987.

Fundi Kabureta

Acha utani.

Kaskazini Kabisa

Sitanii. Tafuta.

Fundi Kabureta

Mzee wa Ramani, huyo mfungulie uzi wake kesho. Na uandike hadi alivyofunga matairi, mambo ya nani wa kwanza sisi mafundi hayatuhusu.